Mtunza Daftari Letu: Tumtafute Nani, Tumpe Kazi Gani

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mboko



Leo tuko na neno moja la kukata pamoja: chama kiajiri mtu wa kutunza hifadhidata, ile wengi wetu tunaita baze. Wengine mmetuuliza: "Daftari tuko nalo, kompyuta iko, huyu mtu ni wa nini tena?" Swali ni zuri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaotembea vijijini tunaongeza: na daftari lisilo na mwenyewe huisha vile vile.

Mnajua tulivyoondoka na tulivyorudi. Vita ya 1996 ilitusukuma ziwani, tukavuka Tanganyika mpaka Kigoma, wengine Nyarugusu, wengine Lugufu. Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli mpaka Baraka, na 2009 Lugufu ikafungwa. Wengine walirudi kwa mitumbwi, bila kuandikwa popote.

Kila mtu alirudi na karatasi yake, na karatasi hizo hazipatani. Kule Tanzania waliandika Wilonja. Huku, kwa kufuata Kifaransa, tunaandika Wilondja. M'munga alipoteza alama yake njiani, akawa Mmunga. Kule jina la mtu mwenyewe linatangulia, halafu la baba. Huku jina la ukoo ndilo la mbele, la ubatizo linakuja nyuma. Na asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa tarehe 1 Januari. Kuko nyumba ambamo baba, mama na bibi wote wamezaliwa siku moja!

Kompyuta haijui hayo. Ikiona Wilonja na Wilondja, inahesabu watu wawili. Siku ya kugawa mbegu mmoja anapata mara mbili, na mjane aliye nyuma ya mstari anarudi mikono mitupu. Kinyume chake pia kinatokea: mtu anafuta "jina lililorudiwa" bila kuuliza, kumbe ni watoto wawili wa ndugu, wote wamepewa jina la babu. Amefuta mtu mzima. Mtu huyo atajua siku ya kugawa, wakati mbegu zimekwisha.

Basi, kazi ya mtunza baze ni hii. Atoe namba moja kwa kila familia, isiyobadilika hata jina likisahihishwa. Kila akibadilisha kitu, aandike nani ameomba, tarehe gani, na kwa sababu gani. Awe na neno la siri lake peke yake; viongozi wanaweza kusoma, lakini wasiguse. Afanye nakala kila wiki: moja ibaki ofisini, nyingine iwekwe nyumba nyingine, ya tatu ifungwe kwa neno la siri na kupelekwa Baraka. Na mara kwa mara ajaribu kufungua nakala hizo kwenye mashine nyingine, maana nakala isiyofunguka ni sawa na ghala lisilo na mlango. Hapa umeme ni wa paneli za jua, na watu wa Fizi hatuhitaji kufundishwa kwamba ofisi inaweza kuachwa kwa usiku mmoja.

Kuko na jambo zito zaidi. Orodha ya majina inaleta msaada, lakini inaweza pia kuleta hatari. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia kwenye data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao watu waliotengana na familia zao kwa vita na kwa safari za uhamiaji. Kama shirika kubwa vile liliingiliwa, sisi na kompyuta moja tutasema nini? Katika eneo letu, ambako makabila yameumizana, karatasi inayoonyesha nani ni nani na anakaa wapi si ya kutembezwa. Kwa hiyo tunaomba: baze isiandike kabila. Tusikusanye tusichohitaji. Sheria ya numeriki ya nchi yetu, ya 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Mama akiulizwa majina ya watoto wake, aambiwe ni ya kazi gani, na awe na ruhusa ya kuja kuyasahihisha.

Tumtafute nani basi? Diploma ya informatike ni nzuri, lakini tusifunge mlango kwa kijana mwenye D6 anayeijua Excel sawasawa na mwenye moyo wa kutulia. Binti zetu walete barua pia. Tangazo libandikwe sokoni, kanisani na msikitini, lisomwe redioni. Kila mwombaji apewe mtihani uleule: majina ishirini yaliyoandikwa namna mbalimbali, aseme yapi ni ya mtu mmoja, na yapi angeenda kuuliza nyumbani kwa watu kabla ya kugusa. Anayemaliza haraka bila kuuliza lolote, huyo tumwogope. Halafu aulizwe: "Mkubwa wa chama akikupigia simu usiku, uongeze jina la shemeji yake, utafanya nini?"

Na kuko na sharti moja tusilegeze: anayetunza orodha asiwe anayegawa. Mkono unaoandika na mkono unaogawa vikiwa vya mtu mmoja, hata malaika atasemwa vibaya.

Wafadhili wetu, tunawashukuru kwa mashine na paneli. Tuseme wazi: mashine inanunuliwa mara moja, lakini mtu anakula kila siku. Mkimlipa mtunza baze miezi mitatu tu ya mradi, mwezi wa nne atafuata kazi Uvira, na neno la siri litaondoka naye. Tunaomba mshahara mdogo wa miaka miwili, pamoja na posho ya mtu wa pili atakayejifunza kwake. Wanachama nao, kwa mchango wetu wa kila mwezi, tuanze kubeba sehemu, hata ikiwa ndogo.

Kwa hiyo tunaweka mbele yenu maneno matatu ya kupigia kura kabla ya kutawanyika: nafasi itangazwe wazi, anayeandika asigawe, na kabila lisiandikwe. Mwenye kupinga asimame aseme, tumsikilize. Orodha hii ni majina yetu.