Neno Lililopungua Herufi Moja

Hatuyasifu maneno makubwa ya kujionyesha. Twayataka yale yawezayo kumkosesha karani kazi. Litazameni neno "peculation". Mwenye haraka hulisoma "speculation", yaani kubahatisha katika biashara. Kumbe maana yake ni kuiba fedha ulizokabidhiwa, hasa fedha za serikali. Asili yake ni neno la Kilatini, "pecu", yaani mifugo, kwani Warumi wa kale walihesabu utajiri kwa wanyama, jambo ambalo Mmasai hahitaji kuelezwa mara mbili. Humo ndimo lilimotoka pia "pecuniary", lihusulo fedha. Basi karani akiandikiwa barua yenye neno hilo, akajibu, "Ndiyo, Bwana, nilijaribu kidogo," amekwisha kukiri wizi asioutenda, na sahihi yake iko chini.