Mato na Macho
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya lugha, na nimeonywa kwamba chakula ki tayari. Basi nitakwenda mbio.

Ferdinand de Saussure, mwalimu wa Geneva aliyefariki mwaka 1913, alifundisha kwamba lugha ni mali ya jamii: hakuna mtu mmoja aliye nayo yote, wala awezaye kuigeuza peke yake. Mafunzo yake yalichapishwa mwaka 1916. Mwaka 1965 Mmarekani Noam Chomsky alishika njia nyingine. Alitaka nadharia imhusu msemaji wa kuwaziwa tu, aishiye katika jamii ambamo watu wote husema sawasawa. Njia hiyo imezaa matunda mengi katika sarufi, sikatai. Lakini jamii hiyo mimi sijapata kuiona, hata katika bweni letu.

William Labov alikuwa ameitafuta jamii ya kweli. Mwaka 1962 aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kadiri, na moja la bei rahisi, akawauliza wauzaji habari za bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne. Jibu lake kwa Kiingereza lina r mbili, na ndizo alizozitegea sikio. Katika duka la matajiri, wauzaji 62 katika 100 waliitamka r walau mara moja. Katika la kadiri, 51. Katika la rahisi, 20. Walioiacha hawakukosea Kiingereza. Sauti ilifuata cheo cha duka.

Nasi tunazo r zetu. Mtoto wa Mvita husema mato, ndia, mtele. Wa Unguja husema macho, njia, mchele. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa penyewe, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Si kwamba sarufi yake ilikuwa bora. Kilikuwa kimekwisha kuenea bara pamoja na misafara ya biashara. Kimvita kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, lakini hakikuwa kimeenea bara kiasi hicho.

Hapo ndipo penye uzito kwetu, maana wengi wetu tu walimu na wazazi. Mtoto akiandika "mato" katika insha hupigiwa mstari mwekundu, na kando huandikwa "kosa". Bibi yake nyumbani hana neno jingine, na huyo ndiye aliyemfundisha kusema. Siku hiyo mtoto hujifunza kwamba bibi hajui Kiswahili. Nimewaona waliojifunza hivyo: walinyamaza darasani, wakahesabiwa wajinga.

Sisemi sanifu itupwe. Mtihani unaitaka, na ndiyo inayomwezesha mtu wa Mombasa na mtu wa Mwanza kusoma gazeti moja. Nasema mwalimu aandike kando: "Kimvita; katika sanifu ni macho." Ni maneno matano tu, na wino ni ule ule mwekundu.