Tovuti Zetu, Mikononi Mwetu



Mgeni anayetaka kuiona kreta hupanga safari akiwa bado kwao. Akitafuta kambi ya Rhotia, kahawa ya Oldeani au matembezi ya Ziwa Eyasi, mara nyingi anaangukia kwa wakala wa mbali, na sehemu ya fedha inabaki hukohuko.

Tunataka vijana wetu wajifunze kutengeneza tovuti kwa PHP, lugha ya kompyuta iliyotoka mwaka 1995, ambayo hata seva za bei nafuu huiendesha. Watatumia CodeIgniter, kiunzi chepesi kilichotoka mwaka 2006. Kazi ngumu, kama kupokea fomu na kuzungumza na hifadhidata, imekwisha kuandikwa humo. Kijana anaongeza ya kambi yake tu. Viunzi vikubwa vipo, ila kwa kurasa tano na fomu ya kuomba nafasi ni kuchinja kuku kwa shoka. Na picha za tembo zipunguzwe uzito! Mtandao wa kule Mang'ola mnaujua.

Jambo moja tunalisisitiza: jina la .tz liandikishwe kwa kikundi, na nywila ziwe kwa katibu na mweka hazina. Tumeona tovuti ya kikundi ikizimika kwa sababu fundi alihama nazo.

Jina na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka. Kwa hiyo harambee ya leo haiishii kwenye kompyuta za kujifunzia. Tunaomba pia ada ya miaka mitatu ya mwanzo, hadi kambi na vikundi vijilipie vyenyewe.