Punje Nyekundu Ndani ya Chupa

Msikilizaji, ukikaa kijiweni na wachimbaji wadogo wa Handeni, au kule Kalalani, Korogwe, hukosi kumsikia mmoja akiapa: ganeti ikishaonekana, almasi haiko mbali. Usimcheke. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila ukweli wenyewe si wa huku.

Ni wa Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua chimbuko la almasi mwaka 1940. Almasi hujiunda kwenye kina cha zaidi ya kilomita 150, kisha hupandishwa na mwamba wa moto uitwao kimbalaiti, unaopasua ardhi kwa kasi na kuacha bomba lenye umbo la karoti. Mdomo wa bomba la Mwadui una hekta 146! Kimbalaiti hupanda pia na punje nyekundu za ganeti kutoka kulekule chini. Mvua ikizikokota mitoni, mtafiti huzifuata kinyume cha maji hadi zilikotoka. Hapo ndipo ganeti ilipopata sifa ya kuwa mpambe wa almasi.

Lakini Shinyanga imekaa juu ya kiini kikongwe cha bara, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mzizi wake ni mnene na umepoa. Almasi hutulia humo. Handeni na Korogwe ziko nje yake, kwenye Ukanda wa Msumbiji, ambako mabara yaligongana yapata miaka milioni 600 iliyopita. Miamba ikazikwa, ikabanwa, ikapikwa upya. Ganeti za huku nyingi zilizaliwa katika pishi hilo, ndani ya gamba la dunia, wala hazikupandishwa na kimbalaiti yoyote. Hata kaboni ya ukanda huu ikaishia kuwa kinywe, kama kile cha Mahenge na Mirerani. Ndugu wa almasi huyo, lakini wa kuandikia penseli.

Kinachokera ni kwamba macho hayatoshi. Ganeti yetu ya wekundu wa zambarau na ile ya kimbalaiti zinafanana mno. Mojawapo ya tofauti kubwa ni kromiamu iliyomo, na kromiamu haipimwi kwa kulamba jiwe wala kulimulika na tochi. Hiyo ni kazi ya maabara, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini tunayo, Dodoma.

Kwa hiyo bwana akija kijijini na chupa ya punje nyekundu, akichangisha fedha za kufungua mgodi wa almasi, mimi ningemuuliza swali moja tu: kromiamu yake imesoma ngapi? Akianza kuhutubia, fungeni pochi. Na hata akitoa karatasi ya maabara, bado: kimbalaiti nyingi duniani hazina almasi ya kurudisha hata gharama ya kuchimba.

Chupa yenyewe asiimwage, lakini. Ganeti safi ya zambarau ya Bonde la Umba, huku kwetu, hukatwa ikavaliwa kwenye pete, na wanunuzi wa vito wanaiulizia ikiwa ganeti.