Maji ya Katuma yana wenyewe wengi

Kiangazi kikikaza mkoani Katavi, viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope pale Sitalike. Huo ndio Mto Katuma. Huko juu wakulima wa mpunga wameshachepusha maji, wafugaji wanatafuta pa kunyweshea, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi inasubiri kilichobaki.

Nani mwenye haki? Wote, kwa kiasi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawaruhusu wanaotegemea chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji, wapangiane zamu na kusuluhishana wenyewe. Kwa upande wa ardhi, tangu mwaka 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena. Linapatanisha tu, na lina siku 30 kabla shauri halijapanda baraza la wilaya.

Utaratibu upo, basi. Kinachokosekana ni mahudhurio: mwenye ng'ombe yuko malishoni, mkutano unafanyika bila yeye, kisha anaambiwa atii. Makubaliano ya namna hiyo hayamalizi hata msimu mmoja.

Viongozi wa vijiji vya Katuma waitishe kikao cha zamu masika hii, maji yakiwa bado tele, na mfugaji awemo.