Biblia Yote kwa Maisha Yote

(Haya ni mazungumzo ya mzee mmoja wa kanisa katika semina ya siku moja ya wazee, akina mama na vijana. Tumeyafupisha kidogo. – Mhariri)

 

Mmenipa swali la asubuhi: mtu aliyeokoka ana kazi gani na siasa? Na mila zetu je? Mimi ni mwalimu mstaafu, sikusomea theolojia. Lakini nimekaa kanisani miaka mingi, na kuna jambo moja lililonifunza kwa uchungu. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane juu ya imani yetu, maana wengine hufikiri kwamba mzee akianza kutaja siasa, basi wokovu umempoa. La, hasha. Sisi Wakristo wa kiinjili tunaamini Biblia ni Neno la Mungu, na ndiyo mwamuzi wa mwisho. Tunaamini Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zetu. Tunaamini ni lazima mtu azaliwe mara ya pili. Kubatizwa utotoni na kuitwa Yohana hakutoshi. Na tunaamini habari hiyo lazima ihubiriwe. Hapo sibadilishi neno hata moja. Serikali nzuri haiwezi kumwokoa mtu na dhambi, na barabara ya lami haifiki mbinguni.

Sasa swali ni hili: kama Biblia ndiyo mwamuzi wa mwisho, ni mwamuzi wa mambo gani? Ya Jumapili peke yake?

Wazazi wetu wa Uamsho, ule moto uliotoka Rwanda ukaingia Kenya mwaka wa 1937, walitufundisha kutubu hadharani, kurudisha cha wizi na kumwita mtu wa kabila lingine ndugu. Hiyo ni mali kubwa. Lakini wengi wetu tuliongeza neno ambalo silioni katika Biblia: ati siasa ni mchezo mchafu, aliyeokoka asiuguse. Mtu akiuliza juu ya uonevu, tunamfungulia Warumi 13 na kumwambia anyamaze. Warumi 13 ni Neno la Mungu, naam. Lakini sura hiyo yasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi huulizwa hesabu, ama sivyo?

Wenzetu waliliona kosa hilo zamani. Julai 1974, Wakristo wa kiinjili zaidi ya 2,000 kutoka pande zote za dunia walikutana Lausanne, huko Uswisi. Aliyeitisha mkutano ni Billy Graham, na John Stott aliongoza kazi ya kuandika Agano la Lausanne. Agano hilo lilisema wazi kwamba ukombozi wa kisiasa siyo wokovu. Lakini pia lilitubu kwamba tumeacha jukumu letu kwa jamii, na kwamba tumetenganisha kuhubiri Injili na kutafuta haki, kana kwamba ukifanya moja huwezi kufanya la pili. Hao hawakuwa watu waliopoa. Walikuwa wahubiri.

Hapa kwetu tulikuwa na David Gitari. Mwaka wa 1975, baada ya J. M. Kariuki kuuawa, Gitari alikuwa akitoa mafundisho katika redio. Alifungua Mwanzo 4, mahali Mungu anapomuuliza Kaini habari za ndugu yake. Hakutoa hotuba ya chama, alifafanua Maandiko tu, na nchi nzima ikaelewa. Mwaka huo huo akawa Askofu wa Mlima Kenya Mashariki. Mwaka wa 1987 alihubiri juu ya Danieli 6, jinsi wakubwa walivyotunga sheria ya kumnasa mtu mwema, na wanasiasa wakakasirika. Akapinga kura ya mlolongo. Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake usiku. Akapanda juu ya paa akapiga kelele, na majirani wakaja kumwokoa. Kumbukeni pia kwamba si makanisa yote ya kiinjili yaliyokuwa upande wake. Mengine yalijitoa katika baraza la NCCK kwa sababu ya ubishi huo wa mlolongo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sisi watu wa Biblia tumekuwa na msimamo mmoja siku zote.

Ninachojifunza kwa Gitari ni njia yake. Hakuanza na gazeti halafu akatafuta mstari wa kulipamba. Alianza na Biblia, sura kwa sura, akaiacha iseme. Ikifika kwa mfalme, anasema juu ya mfalme. Ikifika kwa mlevi, anasema juu ya mlevi.

Hebu tuiache iseme juu ya mila pia. Mila si shetani yote, wala si malaika yote. Kusaidiana wakati wa msiba, kumheshimu mzee, kulima pamoja, hayo ni mazuri. Lakini kuna mengine lazima Neno liyakate. Mwaka wa 1929 misheni kadhaa huko Ukikuyu zilikataza tohara ya wasichana, na watu wengi wakahama wakaanzisha shule na makanisa yao. Mimi naona wamishonari walisema kweli juu ya mwili wa msichana. Lakini walikuja na kweli hiyo wakati mmoja na mkoloni aliyechukua mashamba, na watu hawakuweza kutofautisha. Leo sheria ya nchi, ile ya 2011, inakataza jambo hilo, na bado liko. Kwa nini? Kwa sababu sheria haibadilishi moyo, na sisi wenye kuhubiri mioyo tumeogopa kuligusa.

Na mjane je? Mume akifa, mashemeji wanakuja na kamba kupima shamba. Hapa hapa kwetu. Wengine wa mashemeji hao huimba kwaya! Someni Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wanadai haki. Mjane akija kwa wazee wa kanisa, tusimwambie tu avumilie na kuomba. Tuombe, kisha twende naye kwa chifu na kortini.

Sasa nifikie jambo langu.

Mwaka wa 2007 nilikuwa mweka hazina wa kanisa letu la wakati ule. Tulikuwa tunajenga, na ukuta ulikuwa umefika kwenye linta. Karibu na uchaguzi, mheshimiwa mmoja akaja ibada ya Jumapili na lori la mabati. Akanipa na bahasha, ati ni ya misumari. Tukampa mimbari. Alianza vizuri, akataja Zaburi. Halafu akaingia katika maneno ya watu waliokuja na watu wenye kwao, na majani yanayopaswa kuondolewa shambani. Mnajua lugha hiyo. Watu walipiga makofi. Wazee walipiga makofi. Mimi pia.

Katika kanisa letu kulikuwa na mama mmoja wa kabila lingine, mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wangu wawili walijifunza sala ya kwanza kwake. Jumapili iliyofuata hakuja. Baada ya kura, nyumba yake ilichomwa. Mnakumbuka wakati ule: watu zaidi ya 1,100 walikufa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa watu wakiwa wamekimbilia ndani.

Mwezi wa pili nilimfuata kambini na gunia la unga. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za watoto. Halafu akaniuliza, “Mzee, siku ile mlipopiga makofi, wewe ulikuwa umekaa wapi?” Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na bahasha iko mfukoni.

Ndugu zangu, theolojia yetu ilikuwa sawa siku ile. Ungetupa mtihani juu ya msalaba tungepita wote. Februari 2008 viongozi wa NCCK walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande katika uchaguzi ule. Mimi nilikiri mbele ya kanisa letu, nikaacha uweka hazina. Yule mama hakurudi kuishi kwetu. Mabati yale bado yako juu ya kanisa, na mvua ikinyesha nayasikia.

Kwa hiyo sisemi tunyamaze. Mwaka wa 2010 wengi wetu tulipinga katiba kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Tulishindwa kwa kura, tukakubali. Sijuti kwamba tulisema. Mtoto aliye tumboni ni mfano wa Mungu. Lakini yule kijana aliyepigwa risasi barabarani Juni 2024 naye ni mfano wa Mungu. Tukimtetea mmoja na kumsahau wa pili, watu watasema tunachagua dhambi za kuhubiri, na watakuwa wamesema kweli.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, yako ndani ya uwezo wetu.

Moja, mimbari ni ya Neno. Mwanasiasa akija, karibu, akae na waumini, asalimiwe, lakini asihutubu. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliliamua hilo kwa Kanisa Anglikana. Sisi wadogo tunaogopa nini?

Mbili, fedha ya kila mtu iandikwe kitabuni, jina na kiasi, na risiti itolewe mbele ya watu. Isiyoweza kuandikwa irudishwe. Novemba 2024 Wakatoliki wa Nairobi walitangaza kurudisha mamilioni waliyopewa na Rais. Sisi si Wakatoliki, lakini hapo wametufundisha.

Tatu, kila kikundi cha ushirika kisome Amosi au Mika, kisha kiulize: habari hii inasema nini juu ya zahanati yetu, maji yetu, bursari ya watoto wetu? Vijana wahudhurie vikao vya bajeti ya kaunti. Hiyo pia ni siasa, na haina matusi.

Nne, wazee wateue watu watatu wa kusimama na wajane wenye kesi za shamba. Wakichaguliwa leo kabla ya chakula, mimi nitakuwa nimeridhika.

Tukijenga polepole kwa shilingi zetu, huenda tukanyeshewa miaka miwili. Afadhali kunyeshewa. Siku moja tutaulizwa tulikuwa tumekaa wapi, na atakayeuliza siku hiyo si yule mama peke yake.