Aliyevaa Jezi Naye Akisema



Ndugu wapendwa, Injili tuliyoisikia leo, Mathayo sura ya 18, yatupa utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa: kwanza tumwendee faraghani, kisha pamoja na mmoja au wawili, na mwisho ndipo kanisa lielezwe. Mara nyingi sisi huanzia mwisho.

Tuitazame redio, ambayo huku Kyela, kutoka Ipinda hadi ufukweni Matema, husikilizwa kwa makini zaidi saa ya mpira kuliko saa ya mahubiri haya. Hatulalamiki. Humo twawasikia wachezaji wa zamani wakizichambua timu walizozichezea. Ally Mayay alikuwa nahodha wa Yanga, akaichezea Taifa Stars, kisha akawa mchambuzi. Mchambuzi wa namna hiyo akisema kwamba mabeki wa timu yake ya zamani wamelala, mashabiki humwita msaliti, wengine hudai amenunuliwa na watani. Nabii Yeremia naye, baada ya kuwaonya watu wake, alikamatwa langoni mwa Yerusalemu akidaiwa kuwakimbilia Wakaldayo.

Tusiwe wepesi kumhukumu. Mchezo uliochezwa mbele ya maelfu uwanjani waweza kuzungumzwa mbele ya maelfu redioni. Lakini lipo analolijua kwa sababu alikuwa mle ndani: udhaifu ambao mwenzake alimfunulia katika chumba cha kubadilishia nguo, au machozi ya kijana aliyekosa penalti. Hilo si mali ya kipaza sauti.

Hapa ndipo linapotugusa. Katika vigango vyetu wapo waliokuwa wenyeviti, walimu wa kwaya, hata makatekista. Wamepumzika, nao sasa huketi chini ya mwembe wakichambua. Wengine husema kweli tupu. Zaka ya mpunga ikipotea, kunyamaza si upendo. Ila tuwaulize: je, mlianza kwa mwenyekiti mwenyewe? Nasi tunaoongoza tujiulize kama walipokuja faraghani tuliwafungulia mlango. Anayefukuzwa mlangoni huishia kusema barabarani.

Bwana wetu alipoukaribia mji wa Yerusalemu aliulilia, akatangaza kubomolewa kwake, kisha akaingia mjini humo humo. Hakubaki mlimani. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980 kule Nigeria, aliliongoza shirikisho letu la soka tangu 2004 hadi 2013, na lawama zikawa zake. Mayay aligombea uongozi huo mwaka 2017, akashindwa. Mwaka 2022 serikali ikamteua kuwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo. Mchambuzi akakabidhiwa jembe.

Basi vigango vinavyokaribia kuchagua viongozi viwakumbuke hao wa chini ya mwembe. Waitwe ndani, wapewe daftari la hesabu walisome.

Tusimame sasa, tuungame imani yetu.